KANUNI ZA USALAMA NA ADABU KATIKA UWANJA WA SHABAHA
Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Uwanja wa shabaha ni mahali palipotengwa kwa ajili ya mafunzo na mazoezi ya kulenga kwa silaha za moto. Hutumiwa na askari, na katika nchi nyingi hutumiwa pia na raia wenye leseni na wachezaji wa mchezo wa kulenga, mchezo ambao ulikuwamo katika Michezo ya Olimpiki ya Athens ya mwaka 1896. Mtumishi wa Serikali huweza kufika uwanjani kwa mafunzo, kwa ukaguzi au kwa mwaliko. Mwananchi naye huenda asifike hata siku moja, lakini shamba lake au dau lake likawa jirani na uwanja huo. Wote wawili wanahusika na kanuni zake.

Sababu ya Mipaka Kuwa Mirefu

Watu wengi hudhani kuwa hatari ya risasi huishia pale iliposimama shabaha. Dhana hiyo si sahihi. Risasi ya bunduki ndogo ya mazoezi, yenye kipenyo cha inchi 0.22, inaweza kwenda hadi kilomita 1.5 isipozuiwa, ile ya bunduki ya kijeshi hupita kilomita 3. Kwa umbali huo mpigaji hawezi kumwona mtu anayelima au anayevua.

Aidha, risasi inayogonga jiwe, chuma, au hata uso wa maji kwa pembe ndogo, huweza kuruka na kushika njia nyingine. Kwa hiyo nyuma ya shabaha hujengwa tuta la udongo lisilo na mawe, na ni marufuku kulenga makopo, chupa au kitu chochote kigumu ambacho hakikuidhinishwa. Eneo la hatari lililo nyuma ya tuta ni sehemu ya uwanja, ingawa kwa macho huonekana kuwa ni pori au bahari tupu.

Bendera Nyekundu

Alama ya uwanja unaotumika ni bendera nyekundu. Huko Hythe, pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza, ambako jeshi la nchi hiyo lilianzisha skuli ya kulenga bunduki mwaka 1853, viwanja vya shabaha vimeelekea baharini. Wakati wa mazoezi hupandishwa bendera nyekundu, na usiku huwashwa taa nyekundu. Wapitaji wa ufukweni hulazimika kusubiri.

Kwa wakaazi wa visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Maji kupwa hayamsubiri mtu, na mkulima wa mwani au mvuvi wa pweza aliyeiona bendera huweza kushawishika kupita haraka kwa kuwa hasikii mlio wowote. Ieleweke kuwa kimya si dalili ya usalama. Huenda wapigaji wanabadilishana zamu, au wanangojea amri. Bendera ikiwa juu, eneo limefungwa.

Wenye uwanja nao wana wajibu wao. Ratiba ya mazoezi yafaa iwafikie masheha mapema, ili wavuvi na wakulima wapange kazi zao, na bendera ishushwe mara mazoezi yanapomalizika. Bendera iliyosahauliwa juu kutwa nzima huwafundisha watu kuidharau, na dharau hiyo ndiyo itakayomponza mtu siku ambayo bendera inasema kweli.

Kanuni Nne za Kushika Silaha

Wakufunzi wa nchi nyingi hufundisha kanuni nne, kwa mpango uliosambazwa na mkufunzi wa Marekani, Jeff Cooper:

(a) Kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi, hata ile iliyokaguliwa muda mfupi uliopita.

(b) Mtutu usielekezwe kamwe kwa kitu ambacho mwenye silaha hayuko tayari kukiharibu. Uwanjani maana yake ni kuwa mtutu huelekea kwenye shabaha tu.

(c) Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka silaha iwe imelengwa shabaha.

(d) Mpigaji aijue shabaha yake, na ajue kilichopo nyuma yake na kandoni mwake.

Kanuni hizi zinasaidiana. Aliyesahau kuwa bunduki ina risasi hatamdhuru mtu iwapo mtutu umeelekea kwenye tuta. Ndiyo maana hakuna kanuni iliyo ndogo kati ya hizo: kila moja ni kinga ya siku ambayo nyingine imesahauliwa.

Risasi ikigoma kutoka, mpigaji asiitazame bunduki kwa mbele wala asiifungue papo hapo. Aendelee kuuelekeza mtutu kwenye shabaha kwa angalau sekunde 30, kwani baruti huweza kuchelewa kuwaka, kisha amwite msimamizi.

Amri na Cheo

Katika mstari wa kupigia, amri ya kuanza ni ya mtu mmoja tu, naye ni msimamizi wa uwanja. Cheo cha ofisini hakina nafasi hapo. Mkurugenzi akiambiwa na koplo aweke silaha chini, anaiweka kwanza. Maswali huja baadaye.

Amri ya kusimamisha, kwa upande wa pili, ni ya kila mtu. Tarishi aliyefuatana na wakubwa wake akimwona mtoto au mbuzi ametokea mbele ya mstari, ana haki na wajibu wa kupaza sauti: "Simamisha!" Wapigaji wote huacha hapo hapo, huondoa vidole kwenye vifyatulio na kungojea maelekezo ya msimamizi. Silaha hutolewa risasi, huachwa wazi na kuwekwa chini, na watu hurudi nyuma. Hakuna anayeruhusiwa kugusa silaha wakati mtu yumo mbele ya mstari, hata kwa kuifuta vumbi.

Aliyesimamisha mazoezi kisha ikaonekana kuwa hapakuwa na hatari, asikemewe wala asichekwe. Anayekemewa leo atanyamaza kesho, na wenziwe watanyamaza pamoja naye.

Adabu za Uwanjani

Mgeni anatakiwa afike kabla ya maelezo ya usalama kutolewa. Aliyechelewa asiingie mstarini mpaka ayapate. Asimsemeshe anayelenga, asiguse silaha ya mwenziwe bila ya idhini, wala asipige picha bila ya ruhusa. Silaha hukabidhiwa ikiwa wazi na tupu, na anayeipokea huikagua mwenyewe. Kufanya hivyo si kumdhania mwenziwe vibaya. Aliyelewa, au aliyetumia dawa inayoleta usingizi, hana nafasi uwanjani.

Afya

Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, kiasi kinachoweza kuharibu masikio moja kwa moja. Vizibo vya masikio na miwani ya kukinga macho huvaliwa na kila aliye karibu na mstari, akiwamo mtazamaji.

Lugha yetu inaita kwa jina moja risasi ya bunduki na madini ya risasi, na kwa sababu njema, kwani madini hayo yamo katika risasi nyingi. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto wadogo na mama wajawazito. Hivyo, watu wasile wala wasivute sigara mstarini, waoshe mikono kwa sabuni, na nguo za uwanjani zifuliwe mbali na nguo za watoto.

Vitu Vinavyookotwa

Watoto hupenda kuokota maganda ya risasi yanayong'ara. Lakini si kila kilicholala ardhini ni ganda tupu. Nchini Kenya, katika maeneo ya Archers Post na Dol Dol ambako jeshi la Uingereza lilifanya mazoezi kwa miaka mingi, wafugaji na watoto waliuawa au kulemazwa na mabomu yaliyosalia. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200. Maeneo hayo yalikuwa ya silaha nzito, lakini funzo lake linahusu kila uwanja: kitu kisichojulikana kisiguswe. Mahali pake pawekewe alama kwa mbali, na taarifa ipelekwe kwa sheha au kituo cha Polisi.

Wazazi na walimu wa skuli zilizo jirani na viwanja wanaombwa wawaeleze watoto jambo hili mara kwa mara. Watumishi wanaoalikwa uwanjani nao wanakumbushwa kuwa heshima ya mgeni hapo ni utii wake kwa msimamizi.