Ukiona watu wamegeuka kunitazama, jua maiki imelia

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, Syokimau bado imelala nami niko nyuma ya pikapu nikihesabu kebo. Spika nne kubwa, mbili ndogo, mikisa, maiki sita na jenereta ya dharura. Leo kuna ntheo upande wa barabara ya Katani. Mbuzi wanatarajiwa saa nne, na bendi ya benga ya Kikamba itapanda jukwaani alasiri.

Mimi ni fundi wa sauti. Kama umewahi kutoka kwenye harusi au tamasha ukikumbuka nyimbo na hotuba, bila kukumbuka spika, basi yule jamaa wa meza ya nyuma alifanya kazi yake. Hakuna anayenitazama, hadi maiki ipige ule mlio wa "wiiii!" Hapo watu mia tatu hugeuka kwa pamoja.

Na mara nyingi si mimi niliyekosea, jamani. Mlio ule hutokea maiki inaponasa sauti yake yenyewe kutoka kwa spika, ikairudisha kwenye mikisa, ikatoka tena kubwa zaidi, ikazunguka hivyo hadi yowe. Ndiyo maana spika huwekwa mbele ya maiki, zikiwatazama wageni. Sasa ngoja mfawidhi ashikwe na raha. Anashuka jukwaani, anapita mbele ya spika akicheza na shangazi za bibi harusi, kiganja kimefunika kichwa cha maiki kama anavyoona marapa wakifanya. Maiki ya jukwaani imeundwa isikie zaidi kilicho mbele yake. Ukiifunika hivyo, inaanza kusikia kila upande. Huku nyuma natafuta sauti inayolia niikate kabla mtu hajageuka. Nikiwahi, hakuna atakayejua. Nikichelewa sekunde moja tu, "Fundi, vipi?"

Kuna mambo ya stima pia: ukichomeka gitaa soketi moja na mikisa soketi ya nyumba nyingine, spika zinaweza kunguruma siku nzima. Na mvua ikinyesha kwenye ule udongo mweusi wetu, pikapu haitoki. Hayo nimeyazoea.

Neno nisilolizoea ni "ongeza". Kila mtu anataka niongeze. Ukizidisha nguvu ya amplifaya mara mbili, unapata desibeli 3 tu zaidi, tofauti ambayo wageni wengi hawataisikia vizuri. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, unahitaji nguvu mara 10 hivi. Kwa hivyo mzee anayelalamika nyuma ya hema hahitaji kelele, anahitaji spika karibu naye. Ndiyo kazi ya zile mbili ndogo. Nazichelewesha kidogo, kwa kuwa sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Ukikaa mita 34 kutoka jukwaani, neno linakufikia likiwa limechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Spika ya karibu ikitangulia, mzee atasikia "karibuni-ribuni" mchana kutwa.

Halafu kuna majirani. Tangu stesheni ya Syokimau ifunguliwe Novemba 2012, kisha ile ya SGR mwaka 2017, nyumba zimebanana hapa hata pasipo na ukuta kati ya harusi yako na chumba cha mtoto wa jirani. Kanuni za kelele za 2009 zinaruhusu desibeli 50 mchana nje katika makazi, na 35 baada ya saa mbili usiku. Mazungumzo ya kawaida tu hupita 35. Ikifika saa mbili nazima, na bwana harusi ananinunia.

Lakini kinachoninyima usingizi si majirani. Mwaka juzi nilikesha kwenye klabu moja Mombasa Road, nimesimama kando ya spika za besi. Nilirudi nyumbani na mluzi mwembamba masikioni, kama mbu. Asubuhi ulikuwa umeisha. Mara ya pili ukaisha. Mara ya tatu haukuisha, na hadi leo ninapoandika upo.

Nilienda kupimwa. Mchoro wa masikio yangu unaenda vizuri, kisha unaporomoka kwenye hezi 4,000, mahali ambapo madhara ya kelele hujitokeza kwanza. Dada yangu akisema "fika", mimi nasikia "shika".

Wataalamu wa Marekani wanashauri saa 8 tu kwa siku kwenye desibeli 85. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Ukifika 100, una dakika 15. Klabuni nilikaa saa sita. Kenya nayo ina kanuni za mwaka 2005 za kelele kazini: usizidi desibeli 90 kwa saa 8, na mwajiri ndiye anayewajibika. Mwajiri wangu ni bwana harusi. Nusu ya malipo hutuma kwa M-Pesa kabla ya hafla, na nusu ya pili utaipata ukiwa na bahati.

Vizibo vya sponji nilijaribu. Vinakata sauti nyembamba na kuacha besi, kwa hivyo unapanga muziki ukiwa umedanganywa. Vile vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa kiasi sawa, nilivinunua baada ya mbu kuhamia. Nilinunua jozi mbili. Ya pili ni ya kijana wa Mlolongo anayenisaidia, ana miaka 20.

Alasiri hiyo bendi ilipochanganya, wazee walikuwa wamesimama kucheza na meza zimeachwa tupu. Nilimtuma kijana azunguke hema lote. Alirudi akaninong'oneza, "Buda, matoazi yanachoma. Punguza kidogo."

Nikapunguza. Mimi sikuwa nimeyasikia.