Ziara Fupi ya Mjini kwa Wanafunzi wa Madarasa ya Juu: Namna ya Kuipanga

Ziara ya mafunzo ni somo kama masomo mengine. Ina madhumuni yake, ina vifaa vyake, ina hatua zake, na mwisho wake hauna budi kupimwa. Tofauti iliyopo ni kwamba mahali pa ubao pana barabara, bandari, soko na majengo ya kale, na mwalimu si msemaji pekee.

Hata hivyo, mara nyingi ziara za mjini hupangwa kama karamu. Watoto hupakiwa garini alfajiri, hupitishwa mahali saba au nane kwa siku moja, hununuliwa soda, nao hurejea usiku wakiwa wamechoka. Kesho yake wakiulizwa walichojifunza, hutaja magari mengi na maghorofa marefu. Fedha za wazazi zimekwisha, na somo halikufundishwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mwalimu anavyoweza kupanga ziara ya siku mbili kwa wanafunzi wenye umri wa miaka 12 hadi 14, ili safari hiyo fupi iwe na faida ndefu. Tumechukua mfano wa shule ya msingi ya Morogoro inayozuru Dar es Salaam, lakini hatua tutakazozieleza zinafaa kwa mji wowote.

1. Tuwafahamu tunaosafiri nao

Kijana wa umri huu yu katikati ya njia. Si mtoto wa kushikwa mkono, wala si mtu mzima wa kuachwa aende apendako. Hupenda kuonekana mbele ya wenzake kuwa ana akili na anaaminika. Akitendewa kama mtoto mdogo huona haya, na haya hiyo huigeuza kuwa utundu. Hivyo kundi linaloswagwa kama mifugo ndilo linalotawanyika upesi. Kundi lililopewa kazi halina nafasi ya kutawanyika.

Kwa sababu hiyo kanuni yetu ya kwanza ni hii: vijana washiriki katika kupanga ziara tangu mwanzo. Mwalimu hubaki na uamuzi wa mwisho katika mambo ya usalama na fedha. Lakini swali la kuchunguzwa, mpangilio wa saa, hesabu za matumizi na mgawanyo wa kazi vijadiliwe darasani. Majadiliano hayo ni mafunzo kamili ya Hisabati, Kiswahili na Uraia hata kabla safari haijaanza.

2. Swali litangulie mahali

Mwalimu asianze kwa kuuliza, "Twende wapi?" Aanze kwa kuuliza, "Tunataka kujua nini?" Swali moja lililochaguliwa vema huchagua mahali lenyewe, na huondoa pasipohusika.

Tuchukue swali hili: kwa nini mji mkubwa umekua mahali hapa, si pengine? Kabla ya safari wanafunzi wajifunze historia yake kwa ufupi. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji karibu na kijiji cha Mzizima, mahali palipo na ghuba iliyokingika na mawimbi. Alipofariki mwaka 1870 kazi hiyo ilizorota. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia hapo makao makuu ya utawala wao kutoka Bagamoyo, ambako maji ya pwani ni haba kwa meli kubwa. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1973 ilikatwa shauri kuwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, lakini mji wa bandarini haukusimama: hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728.

Mwanafunzi aliyekwisha kujua hayo ataiona ghuba kwa macho mengine. Atauliza meli zinaleta nini, reli inachukua nini, na watu wanaishi kwa kazi gani. Hata safari yenyewe itaingia katika somo, kwa kuwa mtoto wa Morogoro husafiri kuelekea bandarini kama mizigo ilivyosafiri tangu 1907, ingawa sasa anaweza kupanda treni ya umeme ya reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria baina ya miji hiyo miwili mwezi wa Juni 2024.

3. Kupanga ni kupunguza

Baada ya swali kupatikana, mwalimu aandike ubaoni mahali pote wanafunzi wanapopataja, kisha darasa lijadili na kufuta. Kazi hii ya kufuta ni ngumu, lakini ndiyo hasa kazi ya kupanga. Mathalani, Kijiji cha Makumbusho kilichoko Kijitonyama, ambacho kilianzishwa mwaka 1966, ni mahali bora sana pa kujifunza nyumba za jadi za makabila yetu. Lakini kiko mbali na bandari, na hakijibu swali letu. Tukiweke kwa ziara nyingine yenye swali jingine.

Kwa swali letu mahali patano panatosha, na pote pako katikati ya mji:

Siku ya kwanza. Kufika kwa treni ya asubuhi. Kutembea kwa miguu kupitia Barabara ya Sokoine, kuliangalia Boma la Kale lililojengwa zama za Sultani Majid, na kuyaona makanisa mawili yaliyojengwa na wamisionari wa Kijerumani yakiitazama bandari. Chakula cha mchana na mapumziko. Alasiri, Makumbusho ya Taifa, ambayo jengo lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 1940. Jioni, kuandika.

Siku ya pili. Soko la Samaki la Feri mapema asubuhi, wakati mnada umechangamka. Kuvuka kwa kivuko kutoka Magogoni hadi Kigamboni na kurudi, huku wanafunzi wakiitazama ghuba kutoka majini. Chakula, kisha stesheni.

Mtu anaweza kusema kuwa hayo ni machache. Tunajibu kwamba katika mji mgeni, kundi la vijana 30 hutumia muda mwingi kuvuka barabara, kunywa maji, kwenda msalani na kuhesabiwa. Kila panapokadiriwa nusu saa, tuandike saa nzima. Aidha tuache saa moja kila siku isiyo na kazi yoyote, vijana wakae kivulini wazungumze. Katika saa hiyo ndipo tutakaposikia maswali ambayo hayakuulizwa mbele ya mwongozaji wa makumbusho.

4. Mgawanyo wa kazi

Wanafunzi 30 wagawanywe katika vikundi sita vya watu watano, na kila mmoja awe na kazi yake:

(a) Kiongozi huwahesabu wenzake kila wanapoondoka na kila wanapofika, na kumwarifu mwalimu.
(b) Mtunza saa hukumbusha ratiba.
(c) Mwandishi hunakili yanayoonekana na yanayosemwa.
(d) Mhazini huandika kila senti iliyotumika.
(e) Mwangalizi wa afya huhakikisha kuwa wenzake wana maji, na hutoa habari mara mtu anapojisikia vibaya.

Tusiwape uongozi wale wanaoongoza darasani peke yao. Kijana mtundu anaweza kuwa mtunza saa hodari kuliko wote. Tena wavulana wasifanywe viongozi na wasichana waangalizi wa chakula, kana kwamba kazi hizo zimeandikwa katika maumbile.

5. Fedha, na yule asiye nazo

Hapa ndipo ziara nyingi huharibika. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi katika shule za Serikali hutolewa bila ada; ziara isiwe njia ya kurudisha ada kwa jina jingine. Mtoto anayebaki shuleni kwa kukosa nauli, huku wenzake wakipunga mikono, hujifunza somo kali siku hiyo: kwamba masomo mengine si yake. Somo hilo hatukulikusudia, lakini tumelifundisha.

Basi mwalimu afanye hesabu akiwa na wanafunzi miezi mitatu au minne kabla. Waulize bei halisi za nauli, viingilio, chakula na malazi, wasikisie. Wazidishe kwa idadi ya wasafiri wote, walimu wakiwamo, kisha waongeze sehemu moja ya kumi kwa ajili ya dharura. Jumla hiyo ijadiliwe na kamati ya shule na wazazi. Mazao ya shamba la shule, bustani ya mboga au kuku yanaweza kuchangia, na wazazi wenye uwezo watoe kwa hiari yao. Ikiwa fedha hazitoshi, tupunguze safari, tusipunguze watoto. Siku moja kwa wote ni bora kuliko siku mbili kwa nusu ya darasa. Vivyo hivyo mwanafunzi mwenye ulemavu asiachwe. Njia ipimwe kwa mwendo wake, na wengine waufuate.

Fedha za mfukoni ziwekewe kiwango kimoja kilicho kidogo, ili asiwepo anayekula na anayetazama.

6. Usalama na malazi

Mwalimu mmoja azuru mji kwanza, atembee njia yote kwa miguu akiwa na saa mkononi, aone vyoo viko wapi, kivuli kiko wapi, na barabara zipi ni za hatari. Kibali cha mamlaka ya elimu na idhini ya wazazi kwa maandishi vipatikane mapema. Wawepo walimu watatu kwa uchache, wanaume na wanawake.

Malazi yatafutwe katika bweni la shule wakati wa likizo, au hosteli inayojulikana. Wasichana walale peke yao pamoja na mwalimu wa kike, na wavulana vivyo hivyo na mwalimu wa kiume. Mwalimu wa kike achukue taulo za kike za akiba, na awaambie wasichana hivyo kabla ya safari. Kwa baadhi yao hedhi itaanza siku hizo hizo, na hofu ya kuaibika inaweza kumfanya msichana aache kwenda.

Kila mwanafunzi awe na kadi mfukoni yenye jina la shule na namba za simu za walimu. Kanuni ya anayepotea iwe moja na fupi: simama ulipo, usitafute, usipoonekana mtu baada ya muda, mwendee askari au mlinzi aliyevaa sare umwonyeshe kadi. Kanuni hii ifanyiwe mazoezi katika uwanja wa shule. Kivukoni, vikundi vipande na kushuka kimoja kimoja, bila kukimbilia mlango. Ikulu nayo iko karibu na Feri. Waambiwe mapema kwamba hapo hapapigwi picha.

7. Baada ya kurudi

Ziara haimaliziki stesheni. Katika juma linalofuata kila kikundi kichore ramani ya njia waliyopita, kiandike jibu lake kwa swali la ziara, na kisome jibu hilo mbele ya wazazi au madarasa ya chini. Wahazini watoe hesabu hadharani, hata ya fedha kidogo zilizobaki. Mwishowe vijana waulizwe: ni jambo gani mngelipanga vingine? Majibu yao yahifadhiwe katika jalada la shule, yawafae watakaosafiri mwaka ujao.

Mwalimu asitishwe na wingi wa mambo tuliyoyataja. Mengi yake ni kazi ya wanafunzi wenyewe, na hapo ndipo ilipo faida. Watoto hawa karibuni wataondoka nyumbani kwenda kusoma au kutafuta kazi katika miji hiyo hiyo, bila mwalimu wa kuwahesabu. Anayejua kusoma ramani, kupanga fedha, kuuliza njia na kumngoja mwenzake ataingia mjini akiwa na akiba ya kutosha.

Mazoezi

1. Chagua mji ulio karibu na chuo chako. Tunga swali moja la ziara, kisha taja mahali pasipozidi patano panapolijibu.
2. Taja mahali pazuri uliposhawishika kupaingiza, na ueleze kwa nini umepafuta.
3. Katika darasa la wanafunzi 40, wazazi wa wanafunzi 11 hawawezi kuchangia. Andika mpango utakaowezesha wote 40 kusafiri.