Baridi ya Mbeya humpotosha anayejijazia gesi ya kiyoyozi cha gari

WAMILIKI wengi wa magari jijini Mbeya hukikumbuka kiyoyozi pale tu safari ya Kyela au Dar es Salaam inapokaribia. Jiji hilo liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti kifaa hicho huweza kukaa wiki nyingi bila kuwashwa. Siku kinapowashwa na kutoa hewa ya vuguvugu, wapo wanaonunua kopo la gesi na kujijazia wenyewe nyumbani.

Kazi hiyo inawezekana, ila gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, hivyo ikipungua, imevuja. Kukaa bila kuwashwa nako huchangia, kwa sababu oili inayolainisha mpira wa kuzuia uvujaji kwenye kompresa husafiri pamoja na gesi. Dakika 10 za kuwasha kiyoyozi kila mwezi, hata kwenye baridi, husaidia mpira huo usikauke. Alama ya oili kwenye maungio ya mabomba, au povu la sabuni linalotoa mapovu, huonyesha panapovuja.

Aina ya gesi na uzito wake kwa gramu huandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japan yana maandishi HFC134a, yaani R-134a. Gesi ya zamani, R-12, iliachwa kutokana na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Gesi hizo hazichanganywi. Gesi ya kupikia, ambayo baadhi ya watu huijaribu kwa urahisi wa bei, inaweza kuwaka moto ndani ya gari.

Mtego wenyewe uko kwenye geji. Kopo huuzwa na geji yenye eneo la kijani, kana kwamba kijani ni kipimo cha kiasi cha gesi. Sivyo. Mfumo ukiwa umezimwa, mgandamizo wa R-134a hufuata joto: kwenye nyuzi joto 10 ni takriban baa 4, na kwenye nyuzi 30 hukaribia baa 8, ingawa gesi ni ileile. Anayejaza asubuhi ya Julai huona mshale uko chini na kuongeza. Akishateremka hadi Kyela, kwenye mita 500 hivi, gesi iliyozidi hupandisha mgandamizo. Kiyoyozi huweza kujizima, au kompresa ikaharibika.

Kipimo cha kuaminika ni uzito. Kopo likipimwa kwenye mizani ya jikoni kabla na baada, hujulikana gramu zilizoingia. Lakini zilizobaki ndani ya mfumo hazijulikani, ndiyo maana njia sahihi ni fundi kuitoa yote kwa mashine, kuziba panapovuja, kuvuta hewa na unyevu, kisha kujaza gramu zilizoandikwa.

Anayeendelea nyumbani aunganishe kopo kwenye bomba nene tu, lenye alama ya L. Likiunganishwa upande wa mgandamizo mkubwa, kopo linaweza kupasuka. R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo tone lake hugandisha ngozi au jicho. Miwani ya kinga na glavu ni za lazima, na kazi ifanyike mahali penye hewa. Kopo lisipashwe moto.

Kwenye gereji, mteja anayetazama geji wakati hewa inavutwa asishangae. Pwani mshale hukaribia inchi 30 za zebaki, Mbeya huishia 24 au 25. Hewa ya milimani ni nyepesi, wala mashine ya fundi si mbovu.