Walowezi wa Nyika ya Kapiti (2): Kitukuu cha Reli

Tangu makala ya kwanza itoke, msomaji mmoja wa Kitengela amenipigia simu mara tatu. Amenunua ploti ya hamsini kwa mia, na dalali amemwapia kwamba pale palikuwa shamba la mzungu. Sasa anataka jina la mzungu huyo, babake na babu yake. Nilimjibu, na jibu halikumpendeza: hakuwepo.

Sehemu kubwa ya Kitengela haikuwahi kuwa ya mlowezi. Kwa mkataba wa 1904 kati ya Kamishna Sir Donald Stewart na Wamaasai wa Laibon Lenana, Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa. Baadhi walipelekwa Laikipia, na wengine wakaachiwa rizavu ya kusini mwa reli. Mkataba wa 1911 ukawanyima hata Laikipia, wakasukumwa kusini wote. Kajiado ya leo imetokana na rizavu hiyo. Ndiyo maana hati za huku zina nasaba yake: rizavu, kisha ardhi ya amana, kisha ranchi ya kikundi chini ya sheria ya 1968, kisha mgao, halafu dalali. Ukiambiwa habari za shamba la mzungu, uliza kwanza ni upande gani wa reli.

Ng'ambo ya reli, kuelekea vilima vya Machakos, walowezi walikuwepo kweli. Mmoja wao ni Sir Alfred Pease wa shamba la Kitanga, na ukoo wake ni rahisi kuufuata kuliko wa wengi. Kwao ni Uingereza kaskazini, mji wa Darlington, na walikuwa Waquaker, wale ambao Magharibi mwa Kenya tunawaita Marafiki. Marafiki hawakubatiza, kwa hiyo anayewatafuta katika vitabu vya ubatizo vya parokia anapoteza nauli yake. Waliandika wenyewe vizazi, ndoa na vifo katika madaftari yao, na waliandika kwa makini.

Madaftari hayo yanatupandisha hivi. Alfred alizaliwa 1857. Babake ni Sir Joseph Whitwell Pease, mwenye migodi na benki. Babu yake, Joseph, ndiye Mquaker wa kwanza kuketi katika Bunge la Uingereza. Babake huyo Joseph ni Edward Pease, aliyezaliwa 1767, mfanyabiashara wa sufu aliyetoa fedha na kumpa kazi fundi George Stephenson hadi ikafunguliwa reli ya Stockton na Darlington mwaka 1825. Kwao Edward anaitwa baba wa reli.

Sasa mtu wa ukoo kama huo alitafuta nini kwenye vumbi la Kapiti? Mwaka 1902 benki ya familia ilianguka, na biashara yake ikachukuliwa na Barclays, benki ambayo nasi tuliizoea hadi ile ya kwetu ilipobadili jina na kuwa Absa. (Mwaka huohuo Marafiki kutoka Marekani walikuwa wanafungua misheni ya Kaimosi.) Alfred, aliyekuwa mbunge, alikwenda Transvaal kuwa hakimu, kisha akaja kwetu. Mimi sioni ushujaa wa kufungua nchi hapo. Naona mtoto wa tajiri aliyefilisika, aliyepata ardhi kwa bei ambayo kwao isingemnunulia hata bustani.

Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani mwezi uliotangulia, alipanda treni Mombasa. Njiani aliketi kwenye benchi lililofungwa puani mwa injini, juu ya chuma cha kukinga ng'ombe, akitazama wanyama. Alishuka stesheni ya Kapiti, na mwenyeji wake alikuwa Pease. Yaani kitukuu cha baba wa reli alimpokea mgeni wake stesheni, na stesheni yenyewe ilibeba jina la Wakaputiei, Wamaasai ambao reli hiyo ilikuwa imewakatia malisho. Simba wake wa kwanza Roosevelt aliwaua katika mawindo ya Kitanga.

Si wote waliobahatika. Januari 1911 George Grey, ndugu wa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, aliraruliwa na simba akiwinda na Pease, akafia Nairobi siku chache baadaye.

Pease alirudi kwao kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Alioa mara tatu, akapata watoto tena akikaribia miaka 70, akafa 1939. Hayo yote yameandikwa.

Wasioandikwa ni waliofanya kazi Kitanga. Watafiti wengi hukimbilia kipande kutafuta majina ya vibarua, lakini kipande kilianza kutumika kwa nguvu mnamo 1920, Pease akiwa ameshaondoka. Yamebaki masimulizi tu. Kama babu yako, Mkamba au Mmaasai, aliwahi kusimulia habari za mbuni, farasi na simba wa Kitanga, mwandikie mhariri wa gazeti hili, na utaje jina la babu kwa ukamilifu.