Teksi ya Heathrow: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

"Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii sote tulifundishwa tungali shule ya msingi, tukaambiwa ya kwamba mgeni huja na baraka. Sasa ipo aina moja ya wenyeji walioishika methali hii wakaielewa kivyao. Utawapata katika ukumbi wa kuwasili wa viwanja vikubwa vya ndege. Wao hupona kila siku kwa kuwa mgeni amefika, macho mekundu kwa kukosa usingizi, pesa za karo zi mfukoni, na mji wenyewe haujui hata kidogo.

Msomaji mpendwa, usidhani mambo haya hayakuhusu. Leo uko kidato cha pili unapigana na ngeli. Miaka michache ijayo huenda ukajikuta ndani ya ndege, ufadhili wa masomo mkononi, na hakuna mjomba wa kukulaki. Katika makala haya nimechukua mji mmoja tu, London, na uwanja wake mkuu, Heathrow. Ndege huruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi huko, na Wakenya wengi waendao Uingereza hushukia hapo.

Kwanza hakikisha kuwa ni Heathrow kweli. Si mzaha! London ina viwanja kadhaa. Gatwick uko kusini, karibu kilomita 45 kutoka katikati ya jiji. Stansted na Luton viko upande wa kaskazini, nje kabisa ya mipaka ya London, ingawa tiketi huandikwa "London" bila haya. Heathrow, uliofunguliwa kwa ndege za abiria mwaka wa 1946, uko magharibi, kama kilomita 23 kutoka katikati ya jiji. Umbali huo ndio mzizi wa fitina, maana kilomita 23 kwa teksi si pesa za peremende.

Haya, umepita kwa maofisa wa uhamiaji, umechukua mizigo, umepita forodha. Milango inafunguka. Mbele yako kuna umati wa watu, wengine wameinua vibao vyenye majina. Wakati ungali unaduwaa, kijana nadhifu anakujia akitabasamu, tai shingoni, kadi imening'inia kifuani. "Teksi? Unaelekea wapi, rafiki? Foleni ya huko nje ni ndefu mno. Mimi nitakufanyia bei nzuri."

Moyo wako unatulia. Kwani si hivi tulivyozoea? Hapa kwetu, kabla ya teksi za kuitwa kwa simu kuanza kuenea Nairobi mwaka wa 2015, teksi ilikuwa ni mapatano. Unainama dirishani, unauliza bei, dereva anataja elfu tatu, unaruka kama aliyeumwa na siafu, unataja elfu moja, mnavutana hadi mnakutana katikati. Mapatano ndiyo yaliyokuwa ngao ya abiria, na asiyejua kupatana alinyolewa bila maji. Kwa hiyo Mkenya anaposikia "bei nzuri" hudhani amepata mtu wa kusema naye.

Heathrow mambo ni kinyume. Kule, anayekuja kupatana nawe bei ndiye wa kuepukwa. Hebu tuone ni kwa nini.

Sheria ya London inatambua magari ya kukodi ya aina mbili. Aina ya kwanza ni teksi nyeusi, zile zenye umbo la mviringo ambazo umeziona kwenye filamu. Hizi ndizo tu zinazoruhusiwa kungoja abiria kituoni au kusimamishwa barabarani kwa kuinuliwa mkono, na nauli yake hupimwa kwa mita. Aina ya pili ni magari ya kawaida ambayo wenyeji huyaita minikebu. Hayo hayaruhusiwi kuchukua abiria wa njiani. Sharti uyaagize mapema kupitia ofisi au kampuni yenye leseni, na zile za kuitwa kwa programu ya simu zimo katika kundi hili. Ukitazama vizuri utagundua kwamba katika mpango huu hamna nafasi ya mtu wa kuzurura ukumbini akitafuta wateja. Dereva wa teksi nyeusi yuko nje, ndani ya gari lake, anangoja zamu. Wa minikebu tayari ana jina la mtu anayemtafuta. Sasa huyu mwenye tai ni nani? Ni mpiga debe tu, na tangu sheria ya mwaka wa 1994 kazi anayoifanya, yaani kuwashawishi watu hadharani wapande gari la kukodi, ni jinai.

Kuna watakaosema, "Ah, jinai ni yake, mimi nataka kufika tu." Lakini hasara ni yako. Minikebu isiyoagizwa kwa njia halali huwa haina bima ya kumlinda abiria katika safari hiyo. Ajali ikitokea, shauri yako! Zaidi ya hayo, hakuna daftari popote lililoandikwa kwamba fulani amekuchukua saa fulani kukupeleka mahali fulani. Umeingia gari la mtu usiyemjua, katika mji usioujua, na hakuna anayejua umo ndani yake. Mimi naona jambo hili ni zito kuliko hata pesa. Waingereza wenyewe walichelewa kulishughulikia: hadi sheria ya mwaka wa 1998 ilipopitishwa, mtu yeyote wa London aliyekuwa na gari aliweza kujiita dereva wa minikebu bila leseni maalumu ya kazi hiyo.

Basi jibu ni "La, asante," huku miguu ikiendelea kutembea. Usisimame kueleza unakokwenda. Na begi lako usimpe hata kwa hisani. Likishatangulia begi, mwenyewe utafuata.

Fuata vibao vya teksi hadi nje. Kila jengo la abiria pale Heathrow lina kituo chake cha teksi. Huna haja ya kuchagua gari wala dereva. Panga foleni na uchukue linalofuata. Usishangae ukikuta teksi "nyeusi" ambayo ni ya kijani au imepakwa matangazo ya biashara, kwa kuwa rangi si sheria. Tazama taa iliyoandikwa TAXI juu ya paa, kibao cha nambari ya leseni nyuma ya gari, na beji ya dereva. Mwenye beji ya kijani anaruhusiwa kufanya kazi London nzima, ilhali ya manjano ni ya vitongoji tu. Gari lenyewe ni maarufu kwa kugeuka mahali pembamba, kwani sharti liweze kuzunguka ndani ya duara la mita 7.6 hivi. Mlemavu naye hasahauliki: kila teksi ya aina hii lazima iweze kupakia kiti cha magurudumu. Matatu zetu zina la kujifunza hapo, lakini hayo tuyaache.

Dereva huyo anastahili maneno machache, kwa kuwa yeye ndiye sababu ya teksi hizi kuaminiwa. Ili apate beji ya kijani ni lazima afaulu mtihani ambao kwa lugha yao jina lake ni "Maarifa" tu. Ulianza mwaka wa 1865, enzi za magari ya kukokotwa na farasi. Mtahiniwa hukariri kama barabara 25,000 zilizo ndani ya duara la kilomita kumi hivi kutoka mahali paitwapo Charing Cross, pamoja na hoteli, hospitali, makanisa, mahakama na sehemu nyinginezo zilizomo. Mtihani ni wa mdomo. Mtahini anataja mahali pawili, naye mtahiniwa anatoa njia nzima papo hapo, barabara kwa barabara, kona kwa kona, bila ramani, mithili ya mtu anayeghani utenzi alioujua tangu utotoni. Akikosea anarudi siku nyingine. Aghalabu huchukua miaka mitatu au minne, na wanaojiandaa utawaona wakizunguka mjini kwa pikipiki, ramani imefungwa mbele ya usukani. (Nasi hapa tunalia machozi kwa vitabu teule vitatu!) Mwaka wa 2000 watafiti wakiongozwa na Eleanor Maguire wa chuo kikuu cha University College London walionyesha kwamba sehemu moja ya ubongo inayohusika na kukumbuka mahali na njia ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine.

Maana ya hayo kwako wewe abiria ni kwamba njia unayopitishwa haikubahatishwa. Dereva akikata kona ya ajabu huenda anakwepa msongamano. Una haki ya kumwuliza, naye hatakasirika.

Sasa tuingie kwenye mita, maana hapa ndipo wageni wengi hupata jasho jembamba. London ilizifanya mita kuwa za lazima mwaka wa 1907, na neno teksi lenyewe limetokana na jina la chombo hicho. Mita haianzi na sifuri. Huanza na kiasi cha chini kilichowekwa, na wewe uliyepandia Heathrow utaongezewa ada ndogo ya uwanja. Baada ya hapo hupima vitu viwili, umbali na wakati. Gari likienda kwa kasi, umbali ndio unaohesabiwa. Likijikokota au likisimama kwenye taa, wakati unachukua usukani. Ndiyo sababu unaona tarakimu zikipanda na hali gari halisogei. Hujaibiwa. Unalipia dakika za dereva.

Viwango hivyo havipangwi na dereva bali na Transport for London, shirika la umma lililoundwa mwaka wa 2000. Viko vitatu. Kile cha bei nafuu ni cha mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili usiku. Cha pili ni cha saa mbili hadi saa nne usiku siku hizo, na mchana wa Jumamosi na Jumapili. Cha tatu, ambacho ndicho ghali, ni cha usiku wa manane na sikukuu. Kwa hiyo ndege itakayotua saa tano usiku itakugharimu zaidi ya ile ya asubuhi, hata kama mwendo ni ule ule. Kwenda katikati ya jiji tarajia zaidi ya pauni 60, na msongamano ukizidi hata pauni 100, ambazo kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi 15,000. Naam, umesoma sawasawa.

Dereva wa kituoni hawezi kukukataa eti unakokwenda si pazuri. Mradi ni ndani ya London na safari haizidi maili 20, yaani kilomita 32 hivi, ni lazima akupeleke. Huenda akanuna ukimwambia unakwenda karibu, kwa kuwa madereva hungoja zamu yao pale kwa saa nyingi. Mwache anune. Lakini kama chuo chako kiko nje ya London, kwa mfano Oxford au Reading, hapo mapatano yanarudi: afikianeni bei kabla magurudumu hayajazunguka. Ila kwa safari ya namna hiyo, mwanafunzi apandaye teksi ama ni mwana wa waziri ama hajui kwamba kuna mabasi.

Nikiulizwa binafsi, kijana mwenye begi moja anayefika mchana hana haja ya teksi. Treni ya chini ya ardhi imefika Heathrow tangu mwaka wa 1977, na ile iitwayo Elizabeth tangu 2022, nazo humfikisha mtu katikati ya jiji kwa sehemu ndogo sana ya nauli ya teksi. Teksi ni ya familia yenye masanduku sita, ya mgonjwa, ya mzee, au ya wanafunzi watatu waliofika usiku wakagawana nauli.

Vyovyote iwavyo, andika anwani kwenye karatasi kabla hujaondoka nyumbani, kwa kuwa laini ya simu ya Kenya inaweza kukataa kushika mtandao ukifika. Nambari ya nyumba na jina la barabara havitoshi. London imejaa barabara zenye majina yanayofanana. High Street peke yake ziko tele. Kinachozitenganisha ni msimbo wa posta, zile herufi na tarakimu zinazomalizia anwani, kama vile SW1 au E1 na zinazofuata. Mpe dereva karatasi aisome mwenyewe. Matamshi yetu na yao yana vita vya siku nyingi.

Ukifika, lipa kile mita inachosema. Tangu 2016 kila teksi nyeusi inalazimika kupokea kadi, hivyo hata kama hukubadilisha shilingi zako hutakwama. Bakshishi ni hiari. Wengi hujazia tu hadi pauni kamili. Omba risiti, andika nambari ya leseni ya teksi, kisha hesabu mizigo yako ikiwa barabarani kabla hujafunga mlango. Ukigundua baadaye kwamba umesahau koti kitini, dereva anatakiwa kulifikisha kwa wenye mamlaka, na nambari uliyoandika ndiyo utakayoulizwa kwanza.