Uchovu wa kazi Kibondo na Kasulu: Badili njia, usitupe ujuzi

TANGU mwaka 1993, machafuko ya Burundi na baadaye vita vya Kongo vilipoanza kuwaleta wakimbizi kwa maelfu katika nyanda za juu za Kigoma, wenyeji wa Kibondo na Kasulu wamepata aina ya ajira isiyopatikana katika wilaya nyingi nchini: kazi katika mashirika yanayohudumia kambi.

Kazi hizo zimejenga nyumba na kusomesha watoto. Hata hivyo, zimewachosha wengi. Muuguzi au afisa ustawi wa jamii anayesikiliza kila siku habari za mauaji na za watoto waliopotezana na wazazi, huku hajui kama mkataba wake utaongezwa, hufika mahali akaichukia hata safari ya asubuhi ya kwenda kazini.

Huo si uvivu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika kliniki ya bure mjini New York, aliandika juu ya wahudumu walioanza kwa ari kubwa wakaishia kuishiwa nguvu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifafanua kuwa hali hiyo si ugonjwa, bali ni matokeo ya mkazo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa.

WHO linataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi au kuidharau, na kuhisi kwamba juhudi hazizai matunda.

Jambo la kwanza kwa aliyefikia hapo ni kujiuliza amechoshwa na nini hasa. Mtafiti wa Marekani, Christina Maslach, anataja vyanzo sita: wingi wa kazi, kukosa kauli juu ya kazi, ujira na shukrani hafifu, mahusiano mabaya, upendeleo, na kazi kupingana na imani ya mtu.

Aliyelemewa na wingi wa kazi huenda anahitaji likizo tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 28. Lakini anayerudi likizo na moyo ukiwa mzito vilevile hana budi kutafuta njia nyingine.

Kungoja nako kuna hatari. Kambi ya Mtabila, Kasulu, ilifungwa Desemba 2012. Mtendeli, iliyofunguliwa upya mwaka 2016, ilifungwa mwaka 2021. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mashirika mengi duniani yakapunguza watumishi. Anayesubiri barua ya kusitishwa kazi huchagua njia mpya akiwa na njaa.

Njia mpya si lazima ianzie sifuri. Aliyetunza ghala la chakula kambini anajua hesabu, mizani na usafirishaji, ujuzi unaohitajika katika biashara ya maharage na katika vyama vya ushirika vya kahawa. Mnasihi anaweza kufaa shuleni au hospitalini. Anayehitaji cheti kingine anaweza kusoma huku akifanya kazi kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992.

Wengine huvutiwa na asali ya Kibondo au shamba la migomba. Hilo ni jema, ila shamba si mahali pa kupumzikia. Ni busara kuanza na mizinga michache au ekari moja kwa msimu mmoja, mshahara ungali unaingia.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Anayelipwa kwa mwezi hutakiwa kutoa taarifa ya siku zisizopungua 28 kabla ya kuacha kazi. Aidha, fao la upotevu wa ajira lililowekwa kisheria mwaka 2018 halimhusu aliyejiuzulu kwa hiari. Akiba ya miezi kadhaa iwekwe kabla ya barua kuandikwa.

Mwisho, anayekosa usingizi kwa wiki nyingi, anayekimbilia pombe au kuona maisha hayana maana, asianze na barua ya kujiuzulu. Aanzie hospitali ya wilaya; uamuzi wa kazi utafuata akili ikiwa imetulia.