Thamani ya Paundi na Viwanda vya Birmingham

Serikali inayotaka thamani ya fedha yake isiyumbe sokoni hutegemea nyenzo mbili kuu: kupandisha riba, ili wenye mitaji wavutiwe kuweka fedha zao nchini humo, na kutumia akiba ya fedha za kigeni kuinunua fedha yake yenyewe. Uingereza ilizitumia zote mbili baada ya kujiunga, Oktoba 1990, na mfumo wa Ulaya wa viwango vya ubadilishaji, ambamo paundi ilifungwa kwenye marki 2.95 za Ujerumani na kuachiwa nafasi ndogo tu ya kupanda na kushuka. Tarehe 16 Septemba 1992, Benki Kuu ilipokuwa ikimwaga mabilioni ya akiba, riba ilitangazwa kupanda kutoka asilimia 10 hadi 12, kisha 15. Jioni Waziri wa Fedha Norman Lamont akatangaza kujitoa.

Birmingham, mji wa mafundi chuma na magari, huumizwa mara mbili na sera ya namna hiyo, kwa kuwa riba kubwa hupandisha gharama ya mikopo ya viwanda, na paundi yenye nguvu huzifanya bidhaa zao kuwa ghali kwa mnunuzi wa nje. Malalamiko hayo ni ya tangu zamani: Thomas Attwood, mwenye benki mjini humo, aliipinga sheria ya 1819 ya kurudisha ubadilishaji wa noti kwa dhahabu, akishikilia kwamba wingi wa fedha uongozwe na haja ya kuwapa watu kazi.

Mfano mchungu zaidi ni kiwanda cha magari cha Longbridge mjini humo, kilichokuwa cha kampuni ya Rover. BMW iliinunua Rover mwaka 1994, paundi ikiwa nafuu. Lakini Benki Kuu, iliyopewa mwaka 1997 mamlaka ya kupanga riba, iliwekewa lengo la mfumuko wa bei, si la thamani ya paundi, na riba ikafika asilimia 7.5 mwaka 1998, huku paundi, iliyokwisha kuanza kupanda, ikikaa karibu na marki 3. Ni kweli kwamba magari yenyewe yalikuwa yamepitwa na wakati, wala si haki kuibebesha sera lawama yote. Hata hivyo utulivu wa bei uliofaidiwa na nchi nzima ulilipiwa kwa sehemu kubwa na wanaouza bidhaa nje. Mwaka 2000 BMW iliiuza Rover, pamoja na Longbridge, kwa paundi 10, na kampuni hiyo, ikiitwa sasa MG Rover, ilipoanguka Aprili 2005, wafanyakazi wapatao 6,000 walipoteza ajira.

Paundi iliposhuka baada ya kura ya Juni 2016 ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, nafuu kwa watengenezaji magari ilipunguzwa na vipuri vingi wanavyoagiza kutoka nje, ambavyo navyo vilipanda bei.